Hadithi za Anga na Hesabu Zake

Mwaka 2003 sisi tulikuwa mmoja wa waamuzi watano wa mashindano ya kuandika hadithi kwa shule za sekondari za mkoa tuliokuwa tukifanya kazi, katika ofisi ya utamaduni. Hadithi zilizoletwa zilikuwa nyingi, na nyingi katika hizo zilihusu mambo tuliyoyazoea: yatima aliyeonewa na mama wa kambo, kijana aliyekimbilia mjini akapotea, mzee aliyeokota hazina. Moja ilikuwa mbali na hizo. Iliandikwa na msichana wa kidato cha tatu, nayo ilisimulia safari ya wanafunzi saba waliokwenda sayari ya Mirihi kwa chombo kilichoundwa humu humu nchini. Tuliisoma, tukaicheka, tukaipa alama 41 katika 100. Na sisi ndio tuliotakiwa na wenzetu kuandika maelezo ya sababu za alama hizo. Makala haya yanahusu maelezo yale. Yanahusu pia hadithi za namna hiyo zionyeshwazo katika televisheni, kwa kuwa ni televisheni iliyokuja kutuonyesha, baada ya miaka kumi na minane, kwamba tulikosea.

Yafaa kwanza tueleze tulivyozijua hadithi hizo. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa upande wa Bara, tuliozaliwa katika mwambao wa Tanga, tuliingoja mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo picha zilitufikia kwa mikanda ya video. Mwaka 1987, tulipokuwa kidato cha pili, baharia mmoja wa ukoo wetu alirudi na mashine ya video, na katika mikanda yake ilikuwamo michache ya mfululizo wa Waingereza uitwao Space: 1999, uliotolewa kati ya mwaka 1975 na 1977. Katika kisa chake, takataka za nyuklia zilizofukiwa Mwezini zinalipuka tarehe 13 Septemba, 1999, na kwa nguvu ya mlipuko huo Mwezi unang'oka katika njia yake na kwenda zake mbali na Dunia, pamoja na watu zaidi ya 300 wa kituo kilichojengwa juu yake.

Sebule ilijaa watu. Sisi ndio tuliofasiri, kwa Kiingereza cha kidato cha pili, na palipotushinda tulibuni. Mjomba wetu, aliyekuwa mvuvi, aliketi kimya juu ya mkeka mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mpwa wangu, mwezi umekwenda zake. Je, bamvua litatoka wapi?" Watu waliangua kicheko. Naye hakucheka, akaongeza kuuliza mwaka huo watu watafunga Ramadhani kwa kuandama kwa mwezi upi.

Leo twakiri kwamba katika sebule ile hakuna aliyeielewa hadithi kuliko yeye. Mvuvi huhesabu siku zake kwa mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Lau Mwezi ungeondoka kweli, bahari ingebaki na mvuto wa Jua peke yake, ambao nguvu yake ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya Mwezi, na maji yangejaa na kupwa karibu saa zile zile kila siku. Pwani yote ingegeuka, kuanzia mikoko hadi nyakati za vyombo kutoka na kuingia. Hadithi iliyathubutia mambo makubwa namna hiyo, kisha ikayamaliza kwa maneno machache ya habari juu ya matetemeko ya ardhi, ikashika safari yake.

Na safari yenyewe ilikuwa na kasoro iliyo mbaya zaidi. Nyota iliyo karibu nasi kupita zote, ukiacha Jua, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, yaani nuru yenyewe, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua zaidi ya miaka minne kutufikia. Mwezi ule ulikuta sayari mpya karibu kila mkanda. Basi na tukubali kwamba ulikwenda kwa kasi ya ajabu kupita nuru. Kama ni hivyo, ungezipita sayari hizo kabla mtu hajafumba jicho. Lakini kila ulipoikaribia sayari ulitulia kwa siku kadhaa, watu wakapata muda wa kushuka, kugombana, kupendana na kurudi. Ulikuwa na kasi mbili, moja ya kumfurahisha mtazamaji na nyingine ya kumfaa mtunzi, na hakuna aliyeeleza ulivyohama kutoka moja hadi nyingine. Isaac Asimov, mtunzi na mwanakemia wa Marekani, aliukosoa mfululizo huo katika gazeti la New York Times mwaka 1975. Mjomba wetu hakupata kulisikia jina lake.

Mwalimu mmoja rafiki yetu, tulipomsimulia habari hizi, alitujibu kwa ukali kidogo. "Bwana mshairi," alisema, "hadithi ni hadithi. Sungura wetu husema, hupanga hila na kumshitaki fisi. Mbona hamjamuuliza koo lake limeumbwaje?" Hoja hii ina nguvu, na kwa siku nyingi ilitushinda. Ni kweli kwamba hakuna mtoto amuulizaye bibi yake sungura alijifunza wapi kusema. Msimulizi akisema "Paukwa", na mtoto akaitika "Pakawa", wamekwisha patana: mtoto amelikubali ombi moja, kwamba humu wanyama husema. Lakini jaribu kumsimulia mtoto huyo huyo kwamba fisi alimla sungura asubuhi, kisha jioni umlete sungura kisimani bila neno. Atakukatiza hapo hapo. Alilikubali ombi la kwanza, na kwa sababu alilikubali anadai yaliyobaki yafuatane.

Sisi watunzi wa mashairi tungepaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Hakuna sheria ya nchi imlazimishayo mtu kuanza shairi lake kwa vina hivi au mizani hii. Ni hiari yake. Lakini akiisha kuufunga ubeti wa kwanza, amejifunga mwenyewe, na msikilizaji aliyeketi ukumbini, hata kama hajui kusoma, atalisikia kosa katika ubeti wa tisa.

Kwa kipimo hicho tuliutazama mfululizo wa Marekani ulio mashuhuri kuliko yote ya aina hii, Star Trek, ulioanza tarehe 8 Septemba, 1966, kwa ubunifu wa Gene Roddenberry. Sisi Waswahili tuna haki fulani ndani yake. Afisa wa mawasiliano wa chombo kile, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Ilikuwa haijatimia miaka mitano tangu Tanganyika kupata uhuru wake. Katika sehemu moja ya mwaka 1967, mtambo mmoja wenye akili unaingia chomboni, unamsikia Uhura akiimba, na kwa kutoelewa wimbo ni kitu gani unazifuta akili zake zote, asibakiwe na elimu hata ya kusoma. Daktari na muuguzi wanamfundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila neno la Kiingereza linapomkwama anasema Kiswahili.

Tulipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza tuliinuka kitini. Kiswahili, angani, katika karne ya ishirini na tatu! Tulimwita mke wetu atoke jikoni aje asikie. Ilitubidi kuiona mara ya pili ndipo tukajiuliza: ikiwa akili zake zilifutwa zote, Kiswahili kile kilitoka wapi? Lipo jibu lililotupendeza, kwamba mtambo ulifuta yale aliyofundishwa na ukashindwa kuyafikia yale aliyonyonya. Lingeweza kuzaa kisa kizuri ajabu. Lakini ni jibu letu, si la watunzi, kwani hadithi haikulitaja. Hadithi inasema tu, kwa kinywa cha daktari, kwamba afisa huyo amekwisha fika kiwango cha chuo na atarudi kazini katika muda wa wiki moja. Masomo ya maisha mazima yakarudi kwa wiki moja! Na mamaye? Na utoto wake, na rafiki zake mle chomboni? Nayo hayo yalifundishwa upya? Hakuna aliyeuliza, wala jambo hilo halikutajwa tena. Wala sisi hatukuuliza, maana tulikuwa tumefurahi mno.

Kuna makosa mengine katika ukoo huo ambayo hayatusumbui. Mtambo wa kuwahamisha watu kutoka chomboni hadi kwenye sayari kwa kufumba na kufumbua ulibuniwa kwa sababu kukishusha chombo kila wiki katika picha kungegharimu fedha nyingi. Wanasayansi wakasema mtambo huo hauwezekani, kwa kuwa kanuni ya Heisenberg yakataza kujua kwa ukamilifu mahali pa chembe na mwendo wake kwa wakati mmoja. Watunzi wa mfululizo uliofuata, ulioanza 1987, wakautia mtambo kifaa cha kufidia kanuni hiyo. Michael Okuda, mmoja wa wasanifu wao, alipoulizwa kifaa hicho kinafanyaje kazi, alijibu kwamba kinafanya kazi vizuri tu. Jibu hilo twalipenda kwa uaminifu wake. Ni sungura anayesema. Lisilotupendeza ni kwamba mwaka 1989 mtambo huo ulitumiwa kumrudishia ujana wake daktari aliyezeeshwa na maradhi, kwa kufuata alama za urithi zilizokuwamo katika unywele wake mmoja; na baada ya hapo watu wa chombo kile wakaendelea kuugua na kufa kama kwamba dawa hiyo haijapata kugunduliwa.

Na sisi ambao tumewahi kuhesabu mali katika bohari za serikali, tuna malalamiko yetu juu ya Star Trek: Voyager, iliyoanza mwaka 1995. Chombo hicho kilitupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75, mahali pasipo na bandari wala fundi. Mwanzoni tuliambiwa yamebaki makombora 38, na yakiisha hayana badala. Tulifurahi: kumbe hii itakuwa hadithi ya uhaba, na uhaba sisi twaujua. Kwa misimu saba wakafyatua makombora bila kujizuia. Watazamaji walioyahesabu waliipita 38 kwa mbali, na hakuna leja iliyoonyesha yaliyopokelewa. Mtunza bohari wa wilaya angesimamishwa kazi kwa pungufu ndogo kuliko ziada ile.

Sasa twarudi kwa yule msichana. Mwaka 2021 kijana wetu, anayesomea ufundi wa mitambo, alituonyesha katika kompyuta yake mfululizo uitwao The Expanse, uliotokana na riwaya za James S. A. Corey, jina ambalo nyuma yake wamekaa waandishi wawili, Daniel Abraham na Ty Franck. Ulianza mwaka 2015, ukaachwa na kituo chake cha kwanza mwaka 2018, ukachukuliwa na Amazon, ukamalizika Januari 2022. Tulikuwa tukisinzia. Mara abiria wakaambiwa wajifunge mikanda; injini ikazimwa; vitu vikaelea; chombo kikageuka, mkia ukawa mbele; injini ikawashwa tena. Kikawa kinakwenda kinyumenyume kuelekea kiendako. Usingizi ulituruka. Tuliinuka kwenda kulitafuta daftari letu la mwaka 2003, ambamo tulikuwa na nakala ya maelezo yetu ya uamuzi.

Tumeandika humo, kwa wino mwekundu: "Mwandishi amesahau chombo chake kinaelekea wapi."

Kijana wetu alitueleza kwa subira ambayo sisi hatukuwa nayo mwaka ule. Jahazi likishushwa tanga husimama, kwa sababu maji hulishika. Angani hakuna maji wala hewa ya kukishika chombo. Kasi kilichoipata kitaendelea nayo, na kikitaka kusimama hakina budi kusukuma upande wa pili kwa muda ule ule kilioutumia kuipata. Kwa hiyo nusu ya safari huongeza kasi, na nusu nyingine, baada ya kugeuka, huipunguza. Tena injini inaposukuma, sakafu nayo huisukuma miguu ya abiria, nao huona uzito kana kwamba wamesimama ardhini. Ndiyo maana vyombo vya The Expanse vimepangwa kama nyumba ya ghorofa, injini ikiwa chini kabisa na sakafu zikipandana juu yake. Injini ikizimwa, uzito hutoweka. Ikiwashwa tena, hurudi.

Ombi la mfululizo huo ni moja, injini isiyochoka na itumiayo mafuta kidogo mno. Injini kama hiyo haipo. Chombo cha Marekani, Perseverance, kiliondoka tarehe 30 Julai, 2020, na kutua Mirihi tarehe 18 Februari, 2021, kwa kuwa vyombo vyetu huchoma mafuta kwa muda mfupi mwanzoni kisha huachwa vikienda kwa kasi ile ile. Wala waandishi hao hawakukosa kila dosari. Wameipa sayari ndogo ya Ceres mzunguko wa kasi ili wakazi wa ndani yake wapate uzito, ilhali Ceres, yenye upana wa kilomita kama 940, ina uvutano wa asilimia 3 tu ya ule wa Dunia, na ikizungushwa hivyo miamba na barafu yake ingetupwa angani. Lakini walipokwisha kuliomba hilo, wamelitunza. Yumo humo ndege mmoja mdogo anayeelea hewani kwa kupiga mbawa zake polepole, kwa sababu huko mwili wake ni mwepesi. Hakuna mtu mle anayemsemea ndege huyo hata neno moja.

Tulilifungua daftari mbele ya kijana wetu, tukasoma pamoja. Msichana aliandika kwamba safari ilichukua saa 42, nasi tumesahihisha, "Miezi, si saa." Aliandika kwamba katika saa ya 21 injini ilizimwa na uji ukatoka kikombeni ukaelea kama mpira, tumeuliza, "Mbona haukuelea tangu mwanzo?" Aliandika kwamba Dunia, iliyokuwa chini ya miguu yao, sasa ilikuwa juu ya vichwa vyao, tumepiga mstari. Aliandika kwamba chombo cha pili, kilichowafuata, kilipasuka, nao wakaona moto bila kusikia lolote. Tumeandika kwamba tukio hilo ndilo kilele cha hadithi na halina uhai, kwani mlipuko usiosikika haumshtui msomaji. Kwamba sauti haipiti mahali pasipo na hewa, hilo tulifundishwa shuleni, tukalijibu katika mtihani, tukalisahau.

Kijana alichukua bahasha akaandika nyuma yake. Tarehe 27 Agosti, 2003, Mirihi iliikaribia Dunia kuliko ilivyopata kuikaribia kwa karibu miaka 60,000: kilomita milioni 56. Nusu yake ni milioni 28. Chombo kikiongeza kasi kwa kiasi kile kile ambacho jiwe huongeza likianguka hapa kwetu, yaani mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, nusu hiyo huchukua saa 21, na kinapogeuka huwa na kasi ya karibu kilomita 740 kwa sekunde. Nusu ya pili, saa 21 nyingine. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hiyo. Ni kanuni ya kidato chake yule msichana. Alikuwa amesikia kwamba sayari iko karibu mwaka huo, akaomba injini moja, na mengine yote akayahesabu.

Waamuzi watano tulikuwa na mshairi, wanatamthilia wawili na walimu wawili wa lugha. Hatukumwita mwalimu wa sayansi. Kwa Uhura, aliyetupendezesha, hatukuona kosa lililokuwa wazi. Kwa msichana huyu tuliona makosa manne pasipo hata moja.

Tulimtafuta. Mwalimu wake wa fizikia, aliyekwisha staafu, alitukumbusha kwamba baada ya matokeo msichana alimwuliza kama akiondoe kile kisa cha kugeuka, naye akamwambia akiache; lakini hakushiriki mashindano tena. Leo anafanya kazi katika mradi wa maji wa mkoa mwingine, na kazi yake ni kupima msukumo wa maji katika mabomba. Tulimwandikia barua ndefu ya kumwomba radhi, tukaeleza yote, pamoja na hesabu ya kijana wetu. Alijibu kwa ukurasa mmoja. Alishukuru, akasema ghadhabu ilikwisha zamani, akauliza kama angeweza kupelekewa karatasi zake, kwa maana hadithi ile aliiandika mara moja tu kwa mkono, wala hakubaki na nakala.

Tulikwenda ofisini kuzitafuta. Majalada ya mashindano yote ya miaka ile yaliteketezwa mwaka 2009, kwa utaratibu wa kuondoa kumbukumbu zisizohitajika. Hati ya kuidhinisha ipo, imehifadhiwa vizuri, na sahihi iliyo chini yake ni yetu.